Fimbo Ikiwa Juu

“Wafanyakazi wote wanaarifiwa kwamba mpira mmoja wa gofu, mweupe, namba nne, haujulikani ulipo. Mwenye taarifa afike ofisini. Uongozi.”

Mbele ya tangazo hilo, katika kantini iliyofurika ya hoteli moja pale Pearl, kisiwa cha matajiri huko Ghuba, Roselyne, dobi wa hoteli hiyo, alimkanyaga Maurice mguu. Gauni lake la buluu lilinukia pasi. Badala ya kuomba radhi, aliikosoa kola ya Maurice. Maurice akamjulisha kuwa aliyeipiga pasi ni Roselyne mwenyewe.

Maurice alikuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji gofu, huko Kakamega kwa miaka kumi na miwili. Hapa alihudumu katika chumba chenye skrini ya ukuta mzima, ambamo wageni walipiga mipira halisi kuelekea picha ya uwanja mkongwe wa Ireland: mialoni, nyasi mbichi, ziwa. Nje joto lilifika nyuzi arubaini na sita. Ndani mvua ilinyesha pasipo kumlowesha mtu.

Walipendana miezi mitano. Kisha mgeni mmoja, mwanachama wa uwanja huo wa Ireland, akamtafutia Maurice kazi ya ukedi huko, Aprili hadi Septemba. Roselyne, ambaye aliwahi kumngoja mwanamume kwa simu miaka miwili bure, alimpigia Maurice simu mchana akiuliza kama atarudi. Wakati huohuo mgeni alikuwa ameinua fimbo, na kedi hasemi fimbo ikiwa juu, asije akamharibia mpigaji. Mgeni alisitasita. Maurice alinyamaza. Roselyne akakata.

Kwa siku tisa Roselyne hakupokea simu, na kola zilirudi zimekunjamana.

Siku ya kumi Maurice alimsihi aje chumbani saa ya mapumziko, akamweleza.

“Nilikuwa kazini, Rose.”

“Na mimi nilikuwa nani?”

Maurice alimpa fimbo. Kwenye skrini, shimo la mwisho, ziwa upande wa kushoto. Roselyne alipoinua fimbo, Maurice akasema:

“Nitarudi nikuoe. Njoo Mei, ulione ziwa lenyewe.”

Mpira ukazama.

“Umeniharibia.”

“Najua. Sijawahi kumfanyia mtu hivyo.”

Roselyne aliutazama mviringo ukitanuka majini.

“Naomba likizo ya Mei. Nikiipata, nakuja. Nikiikosa, Maurice, mimi kungoja simu siwezi tena.”

Aliomba siku kumi. Wiki tatu walipita kantini asubuhi na jioni, wakisoma ubao wa matangazo kabla ya kula. Machi ilipokuwa inaisha, karatasi ikabandikwa:

“Likizo ya Bi. Roselyne, siku kumi, imekubaliwa kama alivyoomba. Itaanza tarehe mbili Novemba.”