Faiwoli Iliyojibu Hodi

Fuad wa mtaa wa Sofia, hapa Voi, hakuwa mtu wa kushindwa na mashine. Mwaka 1999 alitia mfumo wa Linux kwenye kompyuta kuukuu, akaiunganisha na simu ya nyumbani, na tovuti yake ikawa inakaa sebuleni kwake, imejaa picha za bintiye Aliya, wa miaka sita. Majirani tulimcheka.

Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, aliona kwenye skrini mgeni asiyejulikana wa mtandaoni akibisha kwenye kompyuta, mlango baada ya mlango, maana mashine hizo zina milango yenye nambari. Akaweka faiwoli, yaani ukuta wa kuchuja wageni. Ukuta ule ulimpa njia mbili: kumnyamazia mgeni, au kumjibu kwamba haruhusiwi.

"Mnyamazie," alisema mamake, Bi Mwanaesha, huku akipeta mchele. "Ukiitwa na usiyemjua, usiitikie. Ukishaitikia, umempa njia."

"Mama nawe! Hii ni kompyuta. Mpiga hodi hujibiwa, hata kama ni kukataliwa. Si ndiyo adabu mliyotufunza?"

Akachagua kujibu.

Kubisha kukakoma. Fuad akatabasamu. Kisha kukaanza upya, kwenye mlango wa tovuti tu. Akaufunga. Mgeni akapita. Fuad akabadilisha amri, mgeni anyamaziwe. Akapita. Na kila akipita alichukua picha ya Aliya, ileile moja.

Fuad akachomoa waya wa simu.

Akapita.

Hapo Fuad aliogopa kwelikweli. Akatazama anwani ya mgeni. Ilikuwa ya kompyuta yenyewe. Mgeni alikuwa anatokea ndani.

"Abee," Aliya aliitika chumbani, kwa heshima.

Hakuna aliyemwita.

Bi Mwanaesha alikimbia huko. Mtoto alikuwa amesimama, macho ukutani. Akatikiswa, akasomewa dua. Hakugeuka.

Fuad akaorodhesha amri za faiwoli. Aliandika nne. Zilikuwa tano. Ile ya juu kabisa, ambayo mashine huitii kabla ya nyingine zote, ilisema: ruhusu.

Akaifuta.

"Fuad!" mamake alinong'ona. "Mtoto hapumui."

Angefanya nini? Akaiandika tena kwa vidole vyake mwenyewe, herufi kwa herufi, akilia. Chumbani Aliya akavuta pumzi.

Kompyuta ile haijazimwa tangu siku hiyo. Umeme ukipotea mtaa mzima, sisi majirani huiona dirishani, taa yake ya kijani inawaka.