Mbegu Nyekundu

Je, wewe umewahi kuletewa chakula nyumbani, halafu ukaambiwa usile, ukifukie ardhini?

Mke wa mrina asali aliambiwa hivyo.

Yeye na mumewe walikuwa watu wa msituni. Walikula asali, mizizi na nyama ya mawindo. Nyama ilipoadimika, wakahamia ukingoni mwa msitu, wao na jamaa zao, meko matano kwa jumla. Desturi yao ilikuwa moja: chochote kinachoingia nyumbani kigawanywe kabla jua halijazama. Anayeweka ni mchoyo.

Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo hilo, akawaletea mfuko wa mahindi mekundu.

"Haya ni mbegu. Msile! Kesho nitarudi kuwaonyesha kupanda."

Alipoondoka tu, shemeji mtu akachungulia.

"Shemeji, siku hizi mnaficha? Mmeshakuwa matajiri?"

Mke wa mrina akaona aibu. Akayaosha mahindi mpaka maji yakawa mekundu. Akayagawa kwa meko yote matano. Sehemu yake akaiinjika asubuhi.

Bibi shamba akafika. Akaona povu jekundu likichemka. Mfuko aliobeba ukamdondoka.

"Nani amekula?"

"Bado hayajaiva."

"Mwaga! Shimoni, mbali na kuku! Mbegu hizi zimepakwa sumu ya wadudu!"

"Lakini niliziosha, dada!"

"Sumu haiishi kwa kuosha wala kwa kupika!"

Mke wa mrina akatoka mbio kuwaonya wengine. Meko matatu hayakuwa yamepika. Kwenye jiko la nne alimkuta mama mkwe ameinama, jasho linamtiririka, anatapika.

"Nimeonja kidogo tu, mwanangu."

"Mama! Nimekuua mimi!"

"Msimpe dawa yoyote ya nyumbani," akasema bibi shamba aliyemfuata nyuma. "Twende zahanati sasa hivi. Chukua na ule mfuko wa mbegu, mganga aone ni sumu gani."

Mrina akambeba mama yake mgongoni, mbio. Mama mkwe alilazwa siku mbili. Siku ya tatu alianza kugomba kwamba uji hauna chumvi. Wakajua amepona.

Siku hiyo mrina alisema, "Turudi msituni. Huku chakula kinaua watu."

Mkewe alikuwa na neno. Akalimeza.

"Aliyekaribia kuua ni mimi, niliyeondoka bila kueleza," akasema bibi shamba, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. "Tugawane mavuno, tusigawane mbegu. Hebu leteni zilizobaki."

Jamaa wakazirudisha. Ardhi ilikuwa na unyevu. Wakapanda siku hiyohiyo, punje mbili kila shimo, kisha wakanawa mikono kwa sabuni. Mama mkwe alikaa pembeni akifukuza ndege na kuwatukana.

Miezi minne ikapita. Mahindi yakajaa. Kwanza walitenga chakula cha kuweka ghalani. Kisha wakagawa, meko yote matano, kabla jua halijazama. Shemeji mtu alikula mahindi ya kuchoma manne, akaomba la tano.

Mrina akajipiga tumbo.

"Tumeshiba. Haya, mke wangu, funga mizigo. Turudi msituni."

Mkewe hakusimama.

"Siendi."

Mrina akashtuka. "Hee! Kumbe unataka nini?"

"Nataka nyumba, mume wangu. Ya udongo. Yenye mlango, na mlango wenye komeo. Nimeutaka tangu siku uliyonioa."