Mafuta Kwenye Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kabati halikuvunjwa. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Inspekta Rasik asubuhi ile ya Jumatano, Machi 2004, alipoinama mbele ya droo tupu katika studio moja ya televisheni, magharibi ya London.

"Kilichoibwa ni nini hasa?" aliuliza.

"Mswada wa sehemu ya mwisho," alijibu Bwana Pruett, mtayarishaji wa tamthilia ya *Dalili*. "Nchi nzima inatazama, Inspekta. Msimu mzima binti mmoja anaumwa, madaktari wanakuna vichwa, na jina la ugonjwa limo mle tu. Magazeti yakilipata, tumekwisha."

"Hakuna nakala iliyotolewa?"

"Haiwezekani. Tulichapa kwenye karatasi nyekundu makusudi. Ukiitia kwenye mashine ya fotokopi, inatoka nyeusi tii."

"Na ufunguo?"

"Hukaa chini ya chungu cha maua. Hakuna anayejua."

Rasik alikitazama chungu. Kiling'aa, hakikuwa na hata chembe ya vumbi. Kuna mtu aliyekiinua kila siku.

Ijumaa asubuhi mswada ulikutwa ndani ya droo, kurasa zote zimo.

"Mwizi ametubu, mkuu," alisema Sajini Anne-Marie, msaidizi wake.

"Au amemaliza kusoma," alijibu Rasik. "Peleka maabara."

Majibu yalirudi Jumatatu. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na doa la mafuta ya zeituni, na ndani ya doa mlikuwa na alama safi ya kidole gumba. Alama hiyo haikuwamo katika kumbukumbu za polisi.

"Alikuwa anakula saladi huku anasoma," alisema Anne-Marie.

"Saladi huchora msalaba?"

Sajini aliinamia picha ya maabara. Kweli. Kidole kilikuwa kimeshuka, kisha kikapita kushoto kwenda kulia, juu ya maneno mawili tu: jina la ugonjwa.

Rasik alikuwa Mhindi wa Mwanza. Mama yake, huko nyumbani kwao Rayners Lane, London, aliwasha taa ya ibada kila alfajiri. Tena alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja upande wa Lewisham na Thamesmead, kusini-mashariki ya jiji, na huko aliwaona watu wa makanisa wakipaka mafuta barua za uhamiaji kabla ya kuzifungua. Alijua jambo moja: watu wale hawakipaki mafuta kitu wanachotaka kukiuza. Hukipaka kile wanachotaka Mungu akisome.

Alimpigia simu Pruett.

"Katika jengo lenu nani anasali?"

"Hapa? Hakuna."

"Nani anasafisha ofisi yako?"

"Yupo mama mmoja. Jina silijui."

"Yupo hapo tangu lini?"

"Miaka sita hivi."

Jumanne, saa tano na nusu asubuhi, Rasik alikaa katika chumba cha chai cha studio. Mbele yake alikaa Mama Euphrasie, mzaliwa wa Bukavu, mji wa kando ya ziwa, aproni ya buluu kiunoni.

"Habari za kazi, mama?"

Mama alishtuka. "Eeh! Muhindi anasema Kiswahili! Wewe ni wa wapi, papa?"

"Mwanza. Kwenye ziwa kubwa kuliko lenu."

"Kubwa, ndiyo. Lakini zuri ni letu."

Walicheka wote wawili. Kisha Rasik akafungua daftari, akamsomea haki zake, na kicheko kikaisha.

"Kile chungu cha maua unakifuta wewe?"

"Kila siku."

"Chini yake kuna nini?"

Mama aliinyoosha aproni yake.

"Itabidi tulinganishe alama za vidole, mama. Unaweza kumwita wakili kwanza."

"Usijisumbue, papa. Ni mimi."

"Ulimpelekea mwandishi gani wa gazeti?"

"Gazeti? Gazeti ya nini?" Uso wake ulionyesha mshangao wa kweli.

"Basi kwa nini?"

"Juu ya Noëlla." Alikunja mikono juu ya meza. "Mutoto wangu, miaka kumi na mine. Mwaka wa pili huu mikono inamutetemeka. Munganga wa kwanza alisema ni huzuni ya vita. Wa pili alisema anaigiza. Wa tatu hakuinua hata macho, aliandika tu. Sasa kila Jumatatu tunaangalia *Dalili*. Yule binti akaanza kumwaga chai, na ulimi wake ukawa muzito. Noëlla akanigeukia, akaniambia kwa Kiingereza yake: mama, huyo ni mimi."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliuliza! Nilimukuta Bwana Pruett ndani ya lifti. Akacheka. Akasema nisubiri wiki tatu kama watazamaji wengine. Wiki tatu, papa! Mutoto hamezi tena hata uji."

"Na mafuta?"

"Jina niliona, sikulielewa. Basi nikalipeleka kwa wamama wa kanisa, tukalipaka, tukaliombea. Nikaliandika, nikarudisha karatasi. Si yangu. Mule wanasema munganga alimuangalia binti ndani ya macho, ndipo akajua. Nimebembeleza kliniki ya macho, wamenipa leo saa nane." Alimtazama Inspekta bila woga. "Unifunge, sikatai. Lakini unifunge saa kumi."

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Pruett alikuwa ameshindwa kusubiri nje.

"Amekiri? Mfunge!"

"Kwa kosa gani?" Rasik aliuliza kwa utulivu. "Kisheria, wizi ni kuchukua kitu kwa nia ya kutokirudisha kamwe. Huyu alikirudisha kabla ya kuombwa."

"Basi namfukuza kazi!"

"Hilo ni juu yako. Magazeti yatakuja kuuliza sababu, nawe utawaeleza ulimjibu nini kwenye lifti."

Pruett aligeuka, akatoka.

Saa nane kasoro dakika tano gari la polisi lilisimama mbele ya kliniki. Mama alimshika binti yake mkono uliotetemeka, wakaingia. Rasik aliketi kando ya ukuta.

Daktari, kijana mpole, alimulika jicho la kulia. Akamulika la kushoto. Akarudi la kulia, akakaa hapo muda mrefu.

"Kuna pete ya kahawia kuzunguka mboni," alisema hatimaye. "Ni ugonjwa wa Wilson. Shaba imejaa mwilini mwake. Tutapima damu na mkojo leo hii, lakini mimi sina shaka. Dawa ipo, mama. Tumemuwahi."

Euphrasie aliziba mdomo kwa viganja. Noëlla aliuliza kwa Kiingereza kama atarudi shuleni, na daktari akaitikia kwa kichwa.

Kisha daktari akapekua faili. "Madaktari watatu hawakuliona hili. Nani alikwambia tumtazame macho?"

Mama alimgeukia Inspekta. Inspekta alitazama viatu vyake.

"Mwizi mmoja, daktari," alijibu Euphrasie. "Mungu amrehemu."