Mluzi wa Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi. Mimi ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi na changu vimetenganishwa na ubao mwembamba tu. Kwa miaka tisa nilishona huku nikisikia mluzi wake upande wa pili. Alikuwa na wimbo mmoja, na hata huo aliukosea. Nilimtania kwamba anafukuza wateja.

Kisha mluzi ukanyamaza.

Ilianza kwa hofu. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, mkono wenye wembe ukatetemeka. Alidhani anakufa. Daktari alimpima akasema moyo ni mzima. Huu ni ugonjwa wa wasiwasi. Alimpa vidonge vya kutuliza, kimoja kwa siku kwa wiki mbili, kisha arudi.

Hakurudi. Kinyozi haogopi nywele, anaogopa kidevu, ambako wembe hupita karibu na koo. Akajizoeza kumeza kidonge kabla ya kila mteja wa ndevu. Vilipoisha alinunua vingine bila cheti cha daktari. Jioni aliviteremsha kwa pombe. Mkono ulitulia kweli, lakini naye alitulia mno. Nilimsemesha, akanitazama kama niko mbali. Tulikula meza moja, na bado nilimkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Siku moja nilifungua kopo la poda anayowapaka wateja shingoni. Halikuwa na poda. Lilijaa vidonge. Hasira zikanipanda, nikavimwaga vyote chooni.

Kesho yake alitetemeka mwili mzima, hata kikombe kikamshinda. Jirani yetu muuguzi alikuwa amekuja kuchukua gauni lake, nikamweleza habari za vidonge na pombe.

"Shemeji amemeza dawa lini mara ya mwisho?" aliniuliza.

"Jana asubuhi. Vidonge vyote nimevitupa."

"Dada, umefanya kwa mapenzi, lakini ni hatari. Mwili uliozoea dawa hizi ukinyimwa ghafla, mtu anaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa. Twende hospitali sasa hivi."

"Kwa hiyo dawa ni mbaya?"

"Si mbaya. Zinasaidia kwa kipimo cha daktari na kwa muda mfupi. Shida ni kujiongezea. Na ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kukatika usingizini."

"Mimi si mlevi," mume wangu alisema. "Nilitaka mkono utulie tu."

"Najua, shemeji. Wengi huanzia hapohapo. Wewe ni mgonjwa, na ugonjwa huu unatibika."

Alilazwa siku sita. Daktari hakumwachisha vidonge mara moja. Alivipunguza kidogokidogo, kwa miezi. Pombe akaiacha. Kila wiki alizungumza na mshauri, akajifunza kuvuta pumzi polepole na kuikabili hofu hatua kwa hatua. Alianza kwa kunyoa puto lililopakwa sabuni. Maputo manne yalipasuka. Kisha kaka yangu akajitolea kidevu chake, huku amefumba macho.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza siku moja.

"Niliogopa utaona umeolewa na mwoga."

"Niliona nimeolewa na mtu asiyekuwepo. Hiyo ndiyo iliyoniuma."

Alinishika mkono. Wake ulitetemeka kidogo, nami sikuuachia.

Hata sasa hutetemeka mara mojamoja. Huweka wembe chini, huvuta pumzi, humwambia mteja, "Nisubiri kidogo, ndugu yangu." Na mteja husubiri.

Wiki iliyopita nilikuwa naunga mkono wa shati. Upande wa pili wa ubao nikasikia mluzi. Wimbo uleule, umekosewa palepale.

"Kinyozi, huo wimbo hauendi hivyo," mteja alimwambia.

Nikasimamisha cherehani.

"Mwache," nilisema kwa sauti, ipite ubaoni. "Unaenda hivyohivyo."