Kengele Iliyozibwa kwa Majani

Apolline alikuwa akisugua kengele ndogo ya mti kwa jani la msasa. Babu yake, mzee Magloire, aliichonga kwa ajili ya mtoto wa mbwa wao, Malkia. Kila siku baada ya masomo walifanya kazi hiyo pamoja.

"Nyamaza kidogo, mama," babu alimwambia mjukuu wake ghafla. Akatega sikio upande wa sokoni. "Hapana. Si yeye."

Mbwa wa kuwinda wa kwao hawabweki. Ndiyo maana huvishwa kengele shingoni, ili wajulikane walipo. Malkia alikuwa amepotea siku mbili, na mtoto wake alilia njaa chini ya kitanda. "Alinitoroka sokoni," Apolline alisema Jumapili. Kwa hiyo babu alizunguka soko na barabara ya Kasongo mpaka miguu ikavimba.

Haikuwa kweli. Jumapili hiyo, Apolline na rafiki yake Héritier walimpeleka Malkia kwenye mchanga wa mto Luama. Babu alikuwa amewakataza, kwa sababu vijia vya kule vina mitego. Walikimbia naye majini, kisha wakacheza kujificha. Kila Apolline alipojificha, Malkia alimfuata na kengele yake ikalia.

"Nimekuona tena! Mbwa yako ndiye anakuuza!" Héritier alicheka.

Apolline akaiziba kengele kwa majani, kama wawindaji wanavyofanya kabla ya kufika porini. Baadaye Malkia alifuata harufu kijiani. Walimwita mpaka jua likashuka. Kengele haikulia; alikuwa amesahau kutoa majani.

Sasa babu aliinua tena kiganja sikioni. Apolline akaweka jani la msasa chini.

"Babu, usisikilize. Haitalia. Niliiziba. Malkia iko kule mtoni."

Babu hakufoka. Alichukua fimbo yake. "Twende."

Walimkuta kwenye kijia cha tatu, mguu ukiwa ndani ya waya wa mtego. Mchanga ulikuwa umechimbwachimbwa pande zote. Babu akamgusa tumbo. Hakuwa akipumua tena. Lakini tumbo bado lilikuwa na joto.

Akatoa majani kwenye kengele, moja moja. Ikalia mara moja tu. Wakamzika pale juu, maji yasipofika.

"Babu, unipige," Apolline alisema walipofika nyumbani.

"Nikupige, ili iwe nini? Kusahau majani, hata mimi nimewahi kusahau. Lakini siku mbili nilisikiliza upande ambao hayuko, kwa sababu niliamini neno lako. Ukikosa, mama, sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

Apolline alimlambisha mtoto wa mbwa uji kwa kidole, huku akilia. Kengele ndogo ilikuwa bado haina ulimi. Alinyoosha mkono kuichukua, lakini mwanga ulikuwa umekwisha.

"Iache," babu alisema taratibu. "Tutaendelea kesho."