Kisasi cha Chumba cha Asali

Treni ya Tabora ilipoingia Mpanda, stesheni nzima ilifumuka kelele. Bodaboda waligombea abiria, akina mama walipitisha karanga madirishani, na magunia yalishushwa karibu yawaangukie watu vichwani. Emelyne alishuka wa mwisho, fimbo mkononi. Alivaa gauni la kitenge cha zambarau lililombana kiunoni, kilemba cha rangi hiyohiyo na hereni kubwa alizonunua Dar es Salaam makusudi, maana aliapa kwamba harudi mji huu akiwa na sura ya mgonjwa. Kwenye ngazi ya mwisho mguu wa kushoto ukamsaliti. Mkono wa mwanaume ukamdaka kabla hajafika chini.

"Pole, dada. Taratibu."

Aliijua sauti ile kabla hajainua uso. Silvester! Huyuhuyu aliyekuwa akimwita malkia wa nyuki, na huyuhuyu aliyemponza akafukuzwa kazi. Tena alikuwa ametinga shati la bluu lenye nembo ya mzinga kifuani, shati la msimamizi. Cheo kile kilikuwa cha Emelyne.

"Eme? Mpenzi, ulipotelea wapi? Napiga simu hupokei..."

"Mpenzi wako nani? Hebu ninuse kwanza. Leo nimekunywa?"

Silvester akamwachia mkono.

Emelyne alikuwa msimamizi wa chumba cha kuchujia asali katika kampuni ya Bwana Othmani. Chumba kile hutiwa joto ili asali ichujike upesi, na joto ndilo lililomfichua. Vidole vilikufa ganzi, macho yakaona ukungu, miguu ikayumba. Siku moja ndoo nzima ya asali ikamponyoka mbele ya wafanyakazi wote.

Wiki ileile kwao Katumba kulikuwa na mahari ya mdogo wake. Kwa familia zenye asili ya Burundi kama yao, mtungi wa pombe huwekwa katikati na kila ndugu hupewa mrija. Ukiukataa, umewatukana wakwe. Emelyne alivuta funda moja la heshima, basi. Silvester, aliyealikwa siku hiyo, alimwona. Yeye ni mtoto wa Karema ambaye baba yake aliuawa na pombe, na kwake funda moja lilitosha kuwa ushahidi. Jumatatu alipomwona Emelyne anapepesuka kazini, akakimbilia kwa bosi: "Anakunywa. Mpumzishe kidogo, atajirudi." Bosi akampumzisha moja kwa moja. Kisha akamvika Silvester shati lile, na Silvester akalivaa! Hilo ndilo lililomkata Emelyne maini. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Haikuwa pombe," Emelyne alimwambia palepale stesheni, watu wakiwapita na mizigo. "Ni MS, nimepimwa Dar es Salaam. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili wangu inanigeuka mwenyewe. Hauambukizi, hauponi, ila dawa zipo. Na joto ndiyo adui yangu."

"Mungu wangu. Eme, mimi sikujua."

"Ungeuliza."

Silvester alitokwa machozi hadharani, mwanaume mzima. Emelyne akapanda bajaji bila kumuaga. Asije mtu akadanganya kwamba alimwonea huruma. Alifurahi, tena sana.

Kuanzia hapo simu haikupoa. Emelyne aliiweka mezani, akalitazama jina la Silvester likiwaka na kuzimika, akijisikia raha. Hatimaye akapokea.

"Eme wangu, usingizi sipati."

"Usiupate. Wangu uliuchukua wewe."

"Nikuoe, malkia. Nitakulea, hutahangaika na kazi tena."

Hapo ndipo alipotonesha kidonda.

"Kwani nimekuomba ulezi? Mimi nataka kazi yangu! Jina langu ulilichafulia kazini, ukalisafishie hukohuko. Mbele ya walewale, ukiwa umevaa shati hilohilo."

"Bosi atanifukuza."

"Ndiyo raha yenyewe, baba."



"Sawa," Silvester akasema. "Kesho asubuhi njoo."

Asubuhi hiyo wafanyakazi walikusanyika uani. Emelyne aliketi kivulini, amekunja nne. Silvester akasimama mbele, akaeleza yote: mrija, hofu yake, uongo aliougeuza ukweli, na cheo alichokipokea juu ya uongo huo.

"Jamani, na sisi tulivyokuwa tukimcheka!" akasema Vestina, mpakiaji, akijifuta macho kwa khanga.

Bwana Othmani alivua kofia. "Binti yangu, nimekukosea. Ila niambie kweli, kazi utaiweza?"

"Nitaiweza. Chumba cha joto nitaingia asubuhi mapema, jua likipanda nahamia meza ya kupimia, pale mlangoni penye upepo. Nikichoka nitakaa. Mguu ndiyo unayumba, mzee, akili haijayumba."

"Basi rudi kwenye nafasi yako. Na huyu nimfanye nini? Atakuwa chini yako, sema wewe."

Watu wote wakamgeukia. Emelyne alimtazama Silvester, yale masikio yake yaliyochomoza, ile midomo aliyoijua. Alikuwa bado anampenda, na neno moja tu lingemwokoa.

"Avue shati," alisema. "Aende."

Baadaye Emelyne alimkuta nje ya geti, amebaki na fulana, vumbi jekundu limemjaa viatuni.

"Umeridhika?" Silvester akauliza.

"Sana."

"Nilistahili, sikatai. Lakini bado nakupenda, Eme."

"Na mimi nakupenda, Silva. Ndiyo maana iliniuma hivyo. Ungekuwa mtu baki ningeshasahau."

"Basi nitume washenga Katumba?"

"Tuma. Tena uje nao mwenyewe."

Uso wa Silvester ukachanua. "Kweli, malkia?"

"Kweli. Baba hana maneno mengi. Atakupa kiti, atakusalimia, kisha atakuuliza swali moja tu: kijana, unafanya kazi gani?"

Silvester akaitazama fulana aliyobaki nayo.

"Hapo mimi sitakusaidia," Emelyne akasema, akimkung'uta vumbi begani. "Utamjibu mbele ya ukoo mzima. Utawaambia huna kazi, na utawaambia kwa nini. Ukimaliza kujibu, nitasema ndiyo."

Akageuka, akaegemea fimbo yake, akaingia kazini.