Msimbo wa Tawi la Kitinda

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, na baridi iliingia mpaka chini ya milango. Mama Pindo alifungua dirisha la chumba chake cha kushonea, akakaa bila kushona.

Watu walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna aliyepinda nguo vizuri kama yeye. Aliishi nyumba moja na mama yake na mdogo wake wa mwisho, Kitinda, aliyeuza maji ya matunda.

Kaka yao mkubwa alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mbali sana na nyumbani. Mwezi uliopita aliwapigia simu. Alikuwa amepata kazi nzuri.

"Nitawatumia fedha sawa kwa sawa," alisema. "Kitinda anunue friji. Wewe ununue ile cherehani ya umeme. Niandikieni majina yenu, namba za akaunti, jina la benki na msimbo wa tawi."

Wote wawili walimwandikia jioni ileile. Fedha za Kitinda ziliingia Ijumaa, na Jumamosi friji ikaletwa. Fedha za Mama Pindo hazikuonekana.

Friji iliwekwa ng'ambo ya ukuta wa chumba cha kushonea. Ilinguruma kutwa. Kwa Mama Pindo ngurumo ile ilikuwa kama masimango.

Kitinda alichungulia mlangoni. "Dada, nimekuwekea glasi ya maji ya nanasi."

"Sitaki. Baridi inaniumiza meno."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

Kitinda aliondoka. Hakujua kwamba kwenye bomba la maji la mtaa dada yake alikuwa amekwisha kuwaambia majirani, "Huyu mdogo wangu amemteka kaka. Akipiga, simu yake ndefu, yangu fupi. Sasa mimi nimesahaulika."

Mambo yalikuwa mazito. Mama Pindo alikuwa amepewa kazi ya kushona sare sitini za shule. Kwa cherehani yake ya mkono asingemaliza kwa wakati. Mwenye duka la cherehani alimwambia, "Nakushikia mashine hadi Jumamosi mchana. Baada ya hapo nauza. Kuna mtu anaitaka."

Mama Pindo alipiga magoti aombe. Alitaka kuomba mashine. Badala yake alijikuta anamshtaki mdogo wake mbele za Mungu, neno kwa neno, kama yuko mahakamani. Akaona haya. Akainuka bila kusema amina.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. "Umempigia kaka yako?"

"Mtu asiyenipenda nimbembeleze, mama?"

"Na benki umeuliza?"

"Benki watajua nini mambo ya ukoo wetu?"

"Watajua mambo ya fedha. Vaa viatu, twende."

Walikwenda kwenye tawi lililo karibu na soko. Karani alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Alisoma ujumbe ambao Mama Pindo alimtumia kaka yake. Kisha akatazama kompyuta.

"Jina ni sawa. Namba ya akaunti ni sawa. Lakini ulifungua akaunti hii tawi gani?"

"La kule hospitali. Miaka saba sasa."

"Na hapa umeandika msimbo wa tawi 014. Huo ni wa tawi hili la sokoni. Wa hospitali ni 027."

"Si benki ni moja? Mbona kila siku nachukua fedha zangu hapahapa?"

"Kuchukua, unachukua popote. Lakini akaunti inakaa pale ilipofunguliwa, mpaka uombe ihamishwe. Kaka yako anatuma kutoka benki nyingine. Mashine ya benki haijui sura yako wala haimuulizi mtu. Inasoma namba tu. Namba ya akaunti inasema ni wewe. Msimbo wa tawi unasema akaunti yako inakaa wapi. Mashine ilikutafuta 014, haikukuona."

"Fedha zangu zimepotea?"

"Hazikuingia kwetu. Kwa kawaida hurudi kwa aliyetuma. Kaka yako aulize benki yake, awape namba ya kumbukumbu ya muamala. Lakini niambie, msimbo huu uliutoa wapi?"

Mama Pindo aliangalia vidole vya miguu yake. "Niliunakili kutoka kwenye karatasi ya mdogo wangu. Ilikuwa mezani. Yeye hakuwepo."

"Si ungemuuliza tu?"

"Nimuulize msimbo ni nini? Mtoto niliyemfundisha kufunga vifungo?"

Mama yake alishika kichwa. "Mwanangu! Kila alicho nacho mwenzio nawe unakitaka. Hata tawi la benki!"

Karani alijizuia asicheke, akashindwa. Kisha akaandika kwenye karatasi jina, namba ya akaunti, jina la benki na msimbo 027.

"Msomee kaka yako tarakimu moja moja, naye akurudishie. Na siku nyingine, uliza tawi lako kwanza."

"Nimpe na namba ya siri?"

"Hiyo usimpe mtu yeyote. Hata mimi. Anayekutumia fedha hana haja nayo."

Walimpigia kaka yake palepale, kwenye benchi.

"Kumbe!" alisema. "Benki waliniletea ujumbe, nikadhani wananitangazia mikopo yao. Ngoja niangalie... Ni kweli, fedha zimerudi."

"Kaka, kwa hiyo ulinitumia?"

"Nilikutumia wewe kwanza, kisha Kitinda. Wewe si ndiye mkubwa?"

Mama Pindo alimpa mama yake simu, akafuta macho kwa kanga.

Fedha ziliingia Alhamisi. Ijumaa mashine ilikuwa chumbani kwake. Jumamosi sare kumi zilikuwa tayari zimekunjwa. Lakini moyo wake haukutulia, kwa sababu bombani watu walikuwa bado hawamsalimii Kitinda.

Jioni alimshika mdogo wake mkono, akamwita na mama yao, wakaenda bombani. Wanawake sita walikuwa kwenye foleni ya maji.

"Jamani," alisema, "niliwaambia mdogo wangu amemteka kaka. Ni uongo. Nilinakili namba ya tawi lake kwa siri, nikaituma kama yangu. Fedha zilirudi kwa kosa langu."

"Dada!" Kitinda alisema. "Yaani ulisema hivyo? Ndiyo maana muuza mkaa hanisalimii?"

"Ndiyo maana. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nitakusamehe," Kitinda alisema. "Lakini nimeumia."

"Najua. Mama, na ninyi majirani, mnisikie. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: nisilolijua nitauliza, hata kama wa kumuuliza ni mdogo wangu. Na wivu ukinishika tena, Kitinda, utausikia kwangu mwenyewe, kabla haujafika bombani."